“Hapa kwenye Kilichopotea niandike nini?” Urithi wa kiroho na habari za kuurudisha

Bahasha yenyewe ilikuwa ya kaki, ya zile ndogo ambazo vibarua hutiliwa malipo yao ya wiki. Juu yake palipigwa chapa kwa wino mwekundu: NARUDISHA URITHI WANGU. Chini yake mistari mitano ya kujaza: jina lako, jina la baba, jina la babu, kilichopotea, kiasi cha sadaka. Mama mmoja wa ushirika wetu wa Jumatano, huku Mishomoroni, Mombasa, alirudi nayo kutoka krusedi ya siku tatu aliyoalikwa na jirani yake. Mistari mitatu ya kwanza alikwisha kuijaza kwa kalamu ya mwanawe wa shule. Wa nne ukamshinda. Akaisukuma bahasha kwangu juu ya meza, kando ya sahani ya mahamri, akauliza: “Mwalimu, hapa kwenye kilichopotea niandike nini?”

Nilitaka kucheka, nikajizuia, kwa sababu swali lake lilikuwa na akili kuliko bahasha. Marehemu baba yake aliacha ploti Kisauni. Baba zake wadogo wakaiuza bila kumwambia, naye hana hata karatasi moja. Aliposikia mhubiri akisema “urithi wako ulioibwa unarudi usiku huu,” akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye ploti. Lakini mhubiri huyo huyo alisema anazungumzia urithi wa kiroho. Sasa ni ploti au ni roho? Na ikiwa ni roho, mstari wa kiasi unatafuta nini pale chini?

Si yeye peke yake. Pita kutoka Kongowea hadi Likoni uhesabu mabango kwenye nguzo: Rejesha Vilivyoibwa, Miliki Milki Zako, Kesha la Kudai Urithi. Neno limeenea kuliko maana yake, na mji wetu, ambako kila familia ina kesi yake ya ardhi, ni rahisi kulisikia neno urithi kwa sikio la kesi hiyo. Basi tulifungue taratibu, tuanze na yaliyo mepesi.

Mshahara unapewa kwa kazi uliyoifanya. Zawadi unapewa na yeyote aliyekupenda siku hiyo. Urithi unapewa kwa sababu ya wewe ni mtoto wa nani. Mtoto aliyezaliwa jana na mtoto aliyefanya kazi dukani kwa baba miaka ishirini, wote ni warithi. Hakuna anayemuuliza mchanga amefanya nini. Kila inapotajwa habari ya urithi katika Biblia, jambo hili ndilo liko chini yake.

Katika Agano la Kale urithi kwanza ulikuwa ardhi, udongo wa kushika mkononi. Nchi ya Kanaani iligawanywa kwa kabila na kwa jamaa, tena kwa kura. Kitabu cha Yoshua kinasimulia jinsi kura zilivyopigwa Shilo mbele za Bwana. Hata neno la Kigiriki ambalo Agano Jipya hulitumia kwa urithi, kleronomia, limejengwa juu ya kleros, yaani kura. Kura haina majivuno. Hukuchagua kiwanja, hukukinunua, kimekuangukia. Mwandishi wa Zaburi ya 16 anasema hivyo kwa lugha ya mpima ardhi: “Kamba zangu zimeniangukia mahali pema, naam, nimepata urithi mzuri.”

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Mombasa atalielewa haraka kuliko msomi wa ng’ambo. Sisi tunayo ile desturi ya nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, umeijenga, unaweza kuikodisha na kuirithisha, lakini udongo chini yake ni wa mwingine, na kila mwezi unampelekea kodi ya ardhi. Mambo ya Walawi 25 inawaambia Waisraeli karibu hivyo hivyo. Nchi isiuzwe milele, maana nchi ni yangu, asema Bwana, nanyi ni wageni kwangu. Ndiyo maana kila mwaka wa 50, mwaka wa yubile, shamba lililouzwa kwa shida lilirudi kwa jamaa yake. Aliyenunua alikuwa amenunua mavuno ya miaka iliyobaki tu. Na kabla ya yubile kufika, jamaa wa karibu alikuwa na haki ya kulikomboa kwa fedha yake. Huyo aliitwa mkombozi, neno ambalo Wakristo walikuja kumwita nalo Yesu. Lilianzia kwenye habari za shamba.

Kabila moja halikupata shamba lolote. Ni Walawi. Haruni, mtu wa kabila hilo, aliambiwa na Mungu mwenyewe, katika Hesabu 18, kwamba yeye ndiye fungu lake na urithi wake. Hapo ndipo “urithi wa kiroho” unapoanza kueleweka: mtu anarithi Mwenye ardhi badala ya ardhi. Waandishi wa Agano Jipya wakalichukua wazo hilo wakalipanua kwa kila aaminiye. Paulo anasema katika Warumi 8 kwamba tukiwa watoto, basi tu warithi, “warithi wa Mungu, warithio pamoja na Kristo.” Ukiuliza ndani ya urithi huo mna nini, jibu linapatikana bila kesha: kusamehewa dhambi, kuitwa mwana, Roho Mtakatifu, ruhusa ya kumkaribia Mungu kwa maombi bila kupitia kwa mtu, nafasi kati ya ndugu walioamini, na ufufuo mwishoni. Petro anasema urithi huu hauharibiki, hauna uchafu, haunyauki, na umetunzwa mbinguni.

Umetunzwa. Neno hilo nililirudia mara mbili mbele ya yule mama, naye akaitazama tena bahasha yake. Kama umetunzwa, ameuibaje mtu?

Kabla ya kujibu, tazama neno moja ambalo Pwani tunalo na wengi kanisani wanalipita bila kulitazama. Waefeso 1:14 inamwita Roho Mtakatifu “arabuni ya urithi wetu.” Nani hapa hajatoa arabuni? Umepata nyumba ya kupanga Bombolulu, mshahara haujaingia, unampa mwenye nyumba kitu kidogo ashikilie. Tangu siku hiyo haruhusiwi kumwonyesha mwingine. Hela hiyo ni sehemu ya bei yenyewe, imetangulia tu, na inayobaki itakuja. Paulo alitumia neno la wachuuzi, arrabon, ambalo Wagiriki walilipata kwa wafanyabiashara wa Kisemiti. Liko katika Kiebrania pia, kwenye kisa cha Yuda na Tamari katika Mwanzo 38, ambako watafsiri wetu waliweka rehani. Nasi tukalipokea kwa njia ya Kiarabu. Basi neno la barua ya Paulo na neno la dalali wa Mwembe Tayari ni ndugu wa damu.

Sasa uliza: katika Waefeso, anayetoa arabuni ni nani? Ni Mungu, na anayepokea ni mwaminio. Bahasha ile ya kaki imegeuza mkono, inataka mrithi ndiye atoe arabuni.

Mtu ataniambia, hata mahakamani mirathi ina ada. Kweli. Lakini ada ile ni ya karatasi na karani, ina risiti, na mahakama haikupi urithi. Inachofanya ni kuthibitisha kwamba wewe ni mrithi na kutangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Urithi ulikuwa wako tangu marehemu alipofariki. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9, unaieleza imani kwa mfano huo huo: agano la urithi halina nguvu mpaka aliyelifanya afe. Kwa Wakristo kifo hicho kimeshatokea, na malipo yalikuwa humo. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili apewe uwezo wa kuwawekea watu mikono wampokee Roho, Petro alimjibu kwa ukali, Matendo 8:20: “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe.” Sina ugomvi na sadaka, natoa, na paa la kanisa letu lisingesimama bila sadaka. Ugomvi wangu ni na bei.

Unapoteaje, basi

Hapa ndipo mkanganyiko wote ulipo. Mahubiri mengi ya “rejesha” yana aina moja tu ya hasara: wizi. Adui ameiba, mfukuze, chukua. Lakini Biblia ina watu waliopoteza urithi kwa njia zisizofanana hata kidogo, na kila mmoja njia yake ya kurudi ni nyingine. Ukikosea aina ya hasara, unatibu jino kwa dawa ya jicho.

Esau aliuza. Mwanzo 25 inasema alitoka porini akiwa hoi, akamkuta nduguye na chakula cha dengu, akauza haki ya mzaliwa wa kwanza palepale. Hakuna aliyemwibia siku hiyo. Yakobo alimlangua, sawa, lakini Esau alikula, akanywa, akaondoka. Hasara kama hii haikemewi. Ndiyo ya mtu anayejua kabisa ni nini alichokiacha ili apate nini: ndoa yake kwa ajili ya mapenzi ya pembeni, amani ya moyo kwa ajili ya tenda ya rushwa. Waebrania 12 inasema Esau baadaye alitafuta baraka kwa machozi asiipate. Aya hiyo inatisha, na Wakristo hawajakubaliana kama mtu aliyeokoka anaweza kuupoteza wokovu wake moja kwa moja. Nimesikia walimu wazuri wa pande zote mbili. Wanalokubaliana ni kwamba aliyeuza huanza na toba, tena toba inayotaja kilichouzwa na bei yake.

Mwana mpotevu alitapanya. Kisa chake, Luka 15, tunakijua hata tukiwa usingizini, lakini kuna kitu ndani yake tunakiruka. Baba alimpa vazi, pete, viatu, na ndama aliyenona. Hakumpa fungu la pili la mali. Kwa yule mkubwa baba alisema wazi, “vyote nilivyo navyo ni vyako.” Yaani shamba halikugawanywa upya. Aliyerudi alirudishiwa uana wake, siyo akiba yake ya benki. Hili halihubiriwi sana kwenye krusedi, nami naelewa kwa nini. Mtu aliyeinywa pensheni yake akatubu leo, Mungu anampokea leo, na Jumatatu bado ana deni dukani.

Na yule kaka mkubwa? Huyo ndiye ninayemwona zaidi kwenye viti vya kanisa, na siku nyingine kwenye kioo changu. Hakutoka nyumbani hata siku moja. Urithi wote ulikuwa wake, lakini aliishi kama kibarua anayehesabu siku, akalalamika hajapewa hata mwana-mbuzi. Paulo ana picha iliyo karibu na hiyo katika Wagalatia 4: mrithi akiwa mtoto hatofautiani na mtumwa, ingawa ni bwana wa vyote, maana yuko chini ya mawakili na wasimamizi. Hapa Kenya tunamwona mtoto wa darasa la tatu ambaye nyumba ya kupangisha iko kwa jina lake, naye anaomba hela ya kalamu kwa mjomba. Hajaibiwa. Hajakua, au hajaambiwa. Serikali yetu ina mamlaka nzima inayotunza fedha ambazo wenyewe hawajazidai, akaunti za marehemu, hisa zilizosahauliwa, na zinakaa humo kwa sababu watoto hawakujua kama baba alikuwa nazo. Mkristo wa aina hii anahitaji kusomewa wosia. Afundishwe. Kumpigia kelele za ukombozi usiku kucha ni kumchosha bure.

Wa mwisho ni yule aliyeibiwa kweli. Nabothi, 1 Wafalme 21, alikataa kumuuzia mfalme Ahabu shamba la mizabibu kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli akapanga mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, mfalme akashuka kulitwaa. Angalia Mungu alimtuma Eliya kwa nani. Hakumtuma kwa jamaa ya Nabothi kuwaambia wana madhabahu mbaya kwenye ukoo. Alimtuma kwa Ahabu, shambani kwenyewe, akamwulize kama ameua na kutwaa. Na katika Agano Jipya, urithi wa watu ulipoliwa na mtoza ushuru wa Yeriko, aliyelipa ni nani? Zakayo, mara nne. Aliyeiba ndiye alilipa. Popote unapoona aliyeibiwa ndiye analipishwa tena ili arudishiwe, hesabu imepinda.

Aya zinazobebwa sana

Tuzichungulie tatu, kwa sababu ndizo zilizoandikwa kwenye mabango.

Yoeli 2:25, miaka iliyoliwa na nzige. Aya nzuri, yenye majina ambayo hata watoto wetu hawayajui tena: nzige, parare, madumadu, tunutu. Mhubiri husema nzige ni shetani. Lakini soma mpaka nukta: “jeshi langu kubwa, nililotuma kati yenu.” Nzige wale walitumwa na Mungu mwenyewe, kuwaonya watu waliomwacha, na ahadi ya kurudishiwa inakuja baada ya mwito wa kurarua mioyo badala ya mavazi. Ukiondoa toba umeondoa nguzo iliyobeba ahadi.

Yohana 10:10, mwizi haji ila aibe na kuchinja na kuharibu. Tunamtaja ibilisi, na kazi hiyo inamfaa kweli. Ila Yesu katika sura ile anazungumza juu ya wachungaji. Mwizi ni yule anayepanda zizini kwa kwingine badala ya mlangoni, anayewataka kondoo kwa faida yake. Yaani aya inayotumiwa na wenye bahasha iliandikwa, kwa sehemu kubwa, juu ya watu wa aina yao. Sisemi hivi kwa furaha.

Ya tatu ni Siklagi, 1 Samweli 30. Daudi anarudi na kukuta mji umechomwa, wake na watoto wametekwa. Anauliza kwa Bwana, anaambiwa fuata, utawapata, utawarejesha wote. Hii kweli ni habari ya kurudishiwa vyote, siikatai. Lakini watu 200 kati ya 600 walichoka wakabaki kwenye kijito cha Besori, na waliopigana walitaka wasiwape kitu. Daudi akakataa: aliyekaa penye mizigo apate sawa na aliyeshuka vitani. Ningependa kuona siku moja bango la Siklagi lenye sehemu hiyo.

Lile la Mithali 6, mwizi akipatikana alipe mara saba, lipo ndani ya onyo juu ya uzinzi, na mwizi anayetajwa ni mtu aliyeiba kwa njaa. Tuliache.

Jina la babu

Mstari wa tatu wa bahasha ulinisumbua kuliko wa tano. Kwa nini jina la babu? Kwa sababu fundisho lililo nyuma yake ni la madhabahu za ukoo: babu alifunga agano na mizimu, kaya ina laana, na urithi wako umefungiwa humo mpaka mwenye upako aufungue. Huku kwetu, ambako watu wengi wana babu Mgiriama, Mduruma, Mdigo au Mtaita aliyeheshimu mila zake, fundisho hilo linamfanya mtu amwogope babu yake mwenyewe.

Lina chembe ya ukweli, ndiyo maana linashika. Matendo ya wazazi huwafikia watoto. Baba aliyemaliza shamba kwa pombe ya mnazi anawaachia wanawe njaa, na mara nyingi anawaachia na kiu ile ile. Kutoka 20 inasema habari ya uovu wa baba kufika kizazi cha tatu na cha nne. Lakini katika siku za Ezekieli watu waliigeuza kuwa kisingizio, wakawa na msemo kwamba baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu akaupiga marufuku msemo huo, sura nzima ya 18: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Madhara yanaweza kurithiwa, hatia hairithiwi. Na kwa aliye ndani ya Kristo, Wagalatia 3:13 inasema laana imekwisha kulipiwa msalabani. Ukiwa unalipia tena kila krusedi, unamwambia Kristo risiti yake haitoshi.

Halafu nawakumbuka watu wa Freretown. Ukivuka daraja la Nyali ukafika Kengeleni, jina lenyewe linakuambia: palikuwa na kengele, iliyopigwa watu wajihadhari na wakamata watumwa. Kijiji kile kilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wengi walikamatwa wakiwa wadogo mno. Nyumbani kwao hawakukujua, kabila hawakuwa na hakika nalo. Kwenye mstari wa “jina la babu” wangeandika nini? Kwa hesabu ya bahasha, hao hawakuwa na urithi wa kurudisha, wala hawakujua hata madhabahu ya kuvunja.

William Jones alikuwa wa jamii hiyo ya walioachwa huru, alisomeshwa India kisha akaletwa Pwani. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa daraja la ushemasi, wakaondoka pamoja na msafara kuelekea Uganda. Hannington akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi Oktoba, na Jones akabaki na kazi ya kuwarudisha waliosalia. Walipoingia Rabai mapema mwaka 1886 walibeba bendera ya buluu yenye neno moja la herufi nyeupe: Ikabodi, utukufu umeondoka, jina la yule mtoto wa 1 Samweli 4. Napita mara kwa mara mbele ya kanisa kuu la Nkrumah Road, lililomalizwa mwaka 1905 kwa kumbukumbu ya Hannington na wenzake, nami humfikiria zaidi Jones. Mtu aliyenyang’anywa ukoo, kisha akafiwa na askofu wake, hakuona haya kuandika hasara yake kwenye kitambaa na kutembea nayo hadi nyumbani. Aliwaongoza watu wake chini ya neno hilo, na akaendelea kuhudumu.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni baya zaidi, japo halina bahasha. Ni kusema kwamba urithi ni wa mbinguni tu, kwa hiyo mwili, watoto, shamba na chakula si kitu. Shakahola iko Kilifi, jirani yetu. Tangu mwaka 2023 ilifukuliwa huko miili zaidi ya 400, na manusura walisimulia jinsi watu walivyoambiwa wafunge ili wakutane na Yesu. Biblia haidharau udongo hivyo. Yesu anasema wenye upole watairithi nchi, na Warumi 8 inangoja ukombozi wa miili yetu. Hakuna mahali tumeagizwa kuikimbia.

Basi nikamwambia yule mama: bahasha yako imechanganya faili mbili. Tuzitenganishe.

Faili ya kwanza ni ya rohoni. Nilimwuliza, tangu ploti iuzwe, ni nini kingine kimeondoka? Akakaa kimya muda. Akasema hajashiriki meza ya Bwana miaka minne, kwa sababu mmoja wa wale baba wadogo ni mzee wa kanisa na hukaa kiti cha mbele. Akasema akiomba, maneno yanamwishia katikati. Hapo nikaona kilichopotea, na kwamba yeye mwenyewe ndiye alikiweka chini, kwa uchungu ambao nami ningekuwa nao. Hicho hakihitaji nabii. Kinahitaji kurudi: kuungama, kuanza kumsamehe yule mzee, ambako ni kazi ya miaka na haimaanishi kunyamaza, na kula tena mkate ule akijua ni wake.

Faili ya pili ni ya Kisauni. Nikamfungulia Hesabu 27. Selofehadi alikufa bila mtoto wa kiume, akaacha mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakasema tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Musa hakuwaambia wapande mbegu, yaani watoe sadaka kwanza ndipo wapokee. Aliipeleka kesi yao mbele za Bwana, na jibu likaja kwamba wana haki, kisha ikaandikwa sheria kwa ajili ya wengine. Kenya nayo ina Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na mtoto wa kike yumo ndani yake, ameolewa au hajaolewa. Yesu alipoombwa na mtu amwamrishe nduguye wagawane urithi, Luka 12, alikataa kuwa mgawanyi, akaonya juu ya tamaa. Sijaona mahali alipomwambia asiende kwa mwamuzi aliyewekwa kwa kazi hiyo.

“Kwa hivyo Mwalimu, hii bahasha?”

Nikamwambia bahasha ni yake, aamue mwenyewe.

Jumatano iliyofuata alikuja nayo tena, imenenepa. Mstari wa kilichopotea bado ulikuwa mtupu. Ndani alikuwa ametia nakala ya kitambulisho cha baba yake, cheti cha kifo kilichokunjwa mara nne hadi kikaanza kukatika, na karatasi ya daftari aliyoandika majina ya ndugu zake wote, wa kiume na wa kike. Alitaka kujua ofisi ya chifu hufunguliwa saa ngapi, na kama barua ya kuwatambulisha warithi huandikwa siku hiyo hiyo au mtu huambiwa arudi.